Kuzima TC na ESC kwenye gari la spoti: soma kwanza ile taa ya njano kabla hujagusa kitufe

#1 – Mguu wa Kulia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi humu kila mara: "Nimepata gari la spoti, nizime TC na ESC au niache?" Majibu huwa ni mawili tu. Kundi moja linasema asiyezima hajui kuendesha, lingine linasema anayezima anatafuta kaburi. Mimi nilikuwa kundi la kwanza mpaka siku nilipozungusha gari kwenye lami yenye maji. Nataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu nilichojifunza siku ile sijakiona kikiandikwa vizuri.

Nianze na vitu vyenyewe, maana wengi tunavichanganya. TC (traction control) ni mfumo wa kuzuia tairi zinazosukuma zisizunguke bure. Unatumia sensa zile zile za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki kwa nguvu, zilizo kwenye kila gurudumu. Sensa zikionyesha tairi zinazosukuma zinakimbia kuliko nyingine, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na pengine kulibana breki lile gurudumu linalozunguka ovyo. Kazi yake inaishia hapo. TC haijui unaelekea wapi.

ESC (electronic stability control, mfumo wa kulituliza gari lisiache njia) ndiyo inayojua. Inasoma usukani umegeuzwa kiasi gani, inasoma gari linavyojizungusha na linavyosukumwa ubavuni, kisha inalinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda kweli. Bosch, kampuni inayotengeneza mifumo hii, wanasema ulinganisho huo unafanyika mara 25 kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni takriban kila mita moja ya barabara. Pua ikikataa kuingia kona, inakamata breki ya gurudumu la nyuma la ndani ya kona. Mkia ukitoka, inakamata la mbele la nje.

Tafakarini hilo la mwisho. Sisi tuna pedali moja ya breki kwa magurudumu manne. Hakuna dereva duniani, hata bingwa, anayeweza kukanyaga breki ya gurudumu moja peke yake. Kwa hiyo ukizima ESC usidhani umerudishiwa kazi yako iliyokuwa imeporwa na kompyuta. Sehemu ya kazi ile haikuwahi kuwa yako.

Na mifumo hii haikuletwa ili kuwabana wapenda mwendo. ABS ya Bosch ilianza kwenye Mercedes S-Class mwaka 1978. ESC, wao waliiita ESP, ikaingia mwaka 1995 kwenye S 600 ya milango miwili. Miaka miwili baadaye A-Class, gari dogo kabisa la Mercedes, likapinduka kwenye jaribio la kukwepa kikwazo nchini Sweden. Baada ya hapo kampuni ikaweka ESP kwenye kila A-Class. Ndivyo kitu cha magari ya kifahari kilivyoshuka hadi kwa watu wa kawaida. Marekani ililazimisha ESC kwa magari yote mapya mepesi kuanzia Septemba 2011, Umoja wa Ulaya ukakamilisha Novemba 2014. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikadiria kwamba ESC inapunguza ajali za gari moja kwa asilimia 34 kwa magari madogo na asilimia 59 kwa yale marefu ya aina ya SUV. Ajali ya gari moja ni ile ambayo hukugongana na gari lingine. Uliacha barabara mwenyewe.

Sasa siku yangu.

Ilikuwa siku ya mazoezi kwenye uwanja wa mbio, mvua imekatika kama nusu saa. Gari langu injini iko mbele, tairi za nyuma ndizo zinasukuma, gia za mkono. Asubuhi nilipiga mizunguko kumi na miwili mfumo ukiwa umewashwa nikajiona nimeiva. Ile taa ya njano, yenye picha ya gari na mistari ya kupinda nyuma yake, ilikuwa inamweka karibu kila nikitoka kona. Niliichukulia kama kelele. Mchana nikashikilia kitufe hadi dashibodi ikaandika imezimwa.

Kona ya pili, gia ya pili, nikakanyaga mafuta vile vile nilivyokanyaga asubuhi yote. Mkia ukatoka. Nikashtuka nikaachia mafuta ghafla, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa: uzito ulihamia mbele, tairi za nyuma zikabaki nyepesi, mkia ukazidi kwenda. Niligeuza usukani kuufuata, lakini sikuurudisha kwa wakati, na tairi ziliposhika tena gari likanirusha upande wa pili. Mzunguko mmoja na nusu. Nikasimama kwenye majani nikiangalia nilikotoka. Hakuna aliyeumia na gari halikugusa kitu, lakini mikono ilitetemeka robo saa nzima.

Kilichoniuma jioni nilipokaa na kufikiri ni hiki. Kwenye mizunguko ile kumi na miwili nilikuwa nimefanya kosa lile lile kila kona, na kompyuta ikalisahihisha kila mara, kimya. Taa ilikuwa inanihesabia makosa yangu mbele ya macho yangu nami sikuisoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauandika nikiwa tayari kupingwa: ruhusa ya kuzima anakupa taa. Kama inamweka mahali ambapo hukutegemea, hujafika. Siku utakapoweza kusema kabla ya kona "hapa itawaka" na ikawaka, au "hapa haitawaka" na isiwake, ndipo uanze kupunguza msaada, hatua moja moja, mahali penye nafasi.

Karibuni.

#2 – Gia ya Tatu

Mkuu, uzi mzuri na pole kwa yaliyokukuta. Ila naomba nikupinge kidogo.

Gari yangu ina mfumo wa zamani kidogo. Nikiwa uwanjani natoka kona vizuri kabisa, tairi ya nyuma inatereza kidogo tu, kiasi ambacho gari inataka, halafu kompyuta inakata nguvu yote kama mtu amezima injini. Nakaa hapo nasubiri sekunde nzima nguvu irudi. Mara nyingine inakata wakati niko katikati ya kona na kukata kwenyewe kunayumbisha gari. Sasa hapo taa imewaka lakini kosa si langu. Nikizima gari inakuwa laini na napata mwendo mzuri zaidi. Wewe unaniambia nisubiri taa isiwake, mimi naona nikisubiri hivyo nitakuwa naendesha kwa kuogopa kompyuta.

#3 – Mguu wa Kulia

Gia ya Tatu, hoja yako ina uzito. Mifumo ya mwanzo ilitengenezwa kwa mtu anayekwenda kazini kwenye mvua, ikawa inakata kwa nguvu. Tena tairi huwa linashika vizuri zaidi linapoteleza kidogo. Kwenye lami kavu nguvu kubwa ya kusukuma hupatikana tairi likizunguka haraka kuliko barabara kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20 hivi. Mfumo unaodai mteleko uwe sifuri unakunyima kitu halali.

Ndiyo maana watengenezaji wakaja na ngazi za katikati. Kwenye BMW nyingi ukibonyeza kitufe mara moja unapata hali inayoruhusu mteleko kiasi, na ukikishikilia ndipo mfumo unaondoka. M3 ya sasa ina ngazi kumi za TC. Mercedes-AMG GT R ilikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye ngazi tisa katikati ya dashibodi. Corvette ZR1 ya 2010 ilikuja na mfumo wa ngazi tano. Ferrari waliweka manettino, swichi ya kuchagua hali ya uendeshaji, kwenye usukani wa F430, na mwaka 2013 kwenye 458 Speciale wakaongeza programu inayopima mkia umetoka kwa pembe gani na kukuachia mpaka kiasi fulani. Kama gari lina ngazi kama hizi, kuruka kutoka msaada wote hadi sifuri ni kujinyima darasa la katikati.

Gari lako halina ngazi, sawa. Hapo naomba nimpishe anayejua kufundisha, maana mimi ni mwanafunzi. Ila kuna neno moja nataka lisemwe wazi humu. Wanaodhani TC ni ya wasiojua, waangalie mbio za GT3, yaani magari ya spoti yaliyogeuzwa kuwa ya mashindano: madereva wa kulipwa wanashindana na TC na ABS zikiwa kazini, na wanabadilisha ngazi zake kwa mkono wakiwa kwenye mwendo. Formula 1 iliipiga marufuku TC mwaka 1994, ikairuhusu tena 2001, ikaiondoa 2008. Iliondolewa kwa sababu ilikuwa inasaidia.

#4 – Mama wa Koni

Habari zenu wanangu. Nimefundisha watu kuendesha kwenye uwanja kwa miaka mingi, wengi wao wakiwa na magari yenye nguvu kuliko walivyowahi kushika maishani. Aliyeanzisha uzi ameona jambo la kweli, nami naomba nilinyooshe kidogo.

Taa ni mwalimu mzuri lakini haisemi kosa ni lipi. Gia ya Tatu, mwanangu, taa ikimweka wakati unatoka kona kuna sababu tatu za kawaida. Moja, mguu wako umeongeza mafuta haraka kuliko tairi linavyoweza kupokea. Mbili, mguu uko sawa lakini usukani bado umekunjwa. Tatu, uliingia kona kwa mwendo mkubwa tangu mwanzo na sasa tairi halina kitu kilichobaki cha kukupa. Nyingi ninazoziona ni ya pili, na wanafunzi wengi hudhani ni ya kwanza.

Tairi lina uwezo mmoja tu, na uwezo huo linaugawa. Ukiutumia wote kukata kona, hakuna kilichobaki cha kuongeza mwendo. Ukiutumia nusu kwa breki, kona inapata kilichosalia. Kwa hiyo mkono na mguu wa kulia lazima wafungwe kwa kamba moja: kila nyuzi unayoinyoosha usukani, ndipo mguu unaruhusiwa kushuka kidogo. Nawafunga wanafunzi wangu kwa kamba hiyo ya kufikirika tangu siku ya kwanza. Wakinyoosha usukani mapema, mara nyingi kompyuta ile wanayoilaumu inanyamaza yenyewe.

Tena mjue kuna kitu ambacho hakuna mfumo unaokibadilisha. Chukueni kona yenye nusu-kipenyo cha mita 50. Tairi zuri kwenye lami kavu, mshiko (kipimo cha tairi linavyoishika barabara) wa karibu 1, litakupitisha kwa takriban kilomita 80 kwa saa. Lami hiyo hiyo ikiloa mshiko ukashuka hadi 0.6, mwisho wako ni kama 62. Tofauti ni kilomita 18 tu, na sindano ya mwendo huonekana kusogea kidogo mno. Anayeingia pale na 75 kwenye maji ataacha barabara, ESC iwe imewashwa au imezimwa. Ikiwa imewashwa, pengine atatoka pua ikiwa mbele na mwendo umepungua. Hiyo si zawadi ndogo.

Namna ninavyofundisha kuzima: sianzi kwenye uwanja wa mbio. Naanza kwenye uwanja mpana uliomwagiwa maji, duara la koni, gia ya pili, kilomita 30 au 40 kwa saa. Hapo mwanafunzi anaongeza mafuta mpaka mkia utoke, kwa makusudi, mara hamsini ikibidi. Nataka makalio yake yajifunze kusikia mkia unapoanza kuondoka, maana makalio husikia kabla ya macho kuona. Nataka ajue kurudisha mguu polepole bila kuuachia wote. Na nataka macho yake yabaki kwenye njia anayotaka kwenda, kwa sababu mikono hufuata macho, na anayekodolea ukuta ataupata. Kosa la kurudisha usukani kwa kuchelewa, lile lililomrusha mwanzisha uzi upande wa pili, ndilo linalovunja magari mengi kuliko mteleko wa kwanza. Mteleko wa kwanza watu huushika. Wakishaushika hufurahi, wanasahau kunyoosha mikono.

Mtu akiweza hayo kwa kilomita 40, namruhusu azime kwenye kona moja ya polepole yenye nafasi pembeni. Kona za mwendo mkali, za gia ya nne na kuendelea, zinakuja mwisho kabisa, na kwa wengine haziji. Sioni aibu yoyote hapo.

#5 – Tope Hadi Magotini

Naongezea upande mwingine ambao haujaguswa. Kuna wakati TC inabidi izimwe na hauhusiani na mbio hata kidogo. Gari ikinasa kwenye mchanga, tope au theluji, TC inaona tairi zinazunguka inakata nguvu, na wewe unahitaji tairi zizunguke kidogo zijichimbue au gari ibembee mbele na nyuma. Vitabu vingi vya magari vinaelekeza kuzima hapo. Pia ukifunga minyororo kwenye tairi. Ukishatoka tu, washa. Baadhi ya magari yanawasha yenyewe mwendo ukipanda, mengine hayawashi, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako usitegemee.

#6 – Lami Baridi

Wakuu, mimi naomba niongelee pale ajali zinapotokea kweli, maana tunazungumza uwanja wa mbio kana kwamba wote wanazima mifumo huko tu.

Mmeona video zile. Watu wamekutana kuonyeshana magari, mmoja anaondoka, umati umejipanga pembeni na simu juu. Anazima, anakanyaga. Kona haipo, ni barabara iliyonyooka. Mkia unatoka, anashtuka, anaachia, gari inageuka kama kisu na kuingia kwenye watu. Nilishuhudia moja kwa macho yangu na sitaisimulia kwa undani. Kijana aliyekuwa anaendesha hakuwa mlevi wala mkorofi. Alikuwa anataka tu tairi zilie kidogo watu wafurahi.

Kwa nini hutokea pale? Tairi zilikaa saa tatu zimeegeshwa, ni baridi. Tairi za kiangazi za magari haya huwa ngumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, na zile za karibu na mbio zinahitaji moto zaidi ya hapo. Barabara ya kawaida ina mgongo katikati ili maji yatiririke, kwa hiyo tairi mbili za nyuma hazikanyagi sawa, moja ikianza kuzunguka mkia unashuka kwenye mteremko wa pembeni. Injini ya turbo inachelewa halafu inaleta nguvu yote kwa mkupuo. Vyote hivi kwa pamoja, na nafasi ya kukosea ni upana wa njia moja.

Na angalieni umri wa tairi, si kashata (meno ya tairi) peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Mwaka 2013 mwigizaji Paul Walker alifariki akiwa abiria kwenye Porsche Carrera GT. Gari ile ina TC na ABS lakini haikutengenezwa na ESC. Ripoti ya polisi wa kaunti ya Los Angeles ilisema mwendo ulikuwa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, yaani karibu kilomita 130 hadi 150, na tairi zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa. Tairi za zamani zinaweza kuonekana nzima kabisa kwa macho.

Barabara ya umma, acheni imewashwa. Sina maelezo mengine ya kuongeza hapo.

#7 – Msomaji wa Vitabu vya Magari

Swali la kiufundi kwa wanaojua. Nikizima, kila kitu kimezimika? Rafiki yangu anaapa kwamba gari lake hata likizimwa kuna kitu kinaendelea kuingilia.

#8 – Mguu wa Kulia

Rafiki yako hajakosea. Inategemea gari, ila kuna mambo ya jumla.

ABS karibu siku zote inabaki. Kitufe hakiigusi. Pili, kubonyeza na kushikilia ni vitu viwili tofauti. Kwenye Toyota GR86, kwa mfano, ukibonyeza kidogo unaondoa TC peke yake na ESC inabaki. Ukishikilia sekunde kama tatu, gari likiwa limesimama, ndipo ESC inaondoka. Watu wengi wanaosema "mimi nazima kila siku" wamezima TC tu, na ESC ndiyo imewaokoa wasijue. Tatu, kwenye Porsche nyingi hata ukizima, ukikanyaga breki kwa nguvu hadi ABS ifanye kazi mfumo unarudi kukusaidia kwa muda ule wa kufunga breki. Na magari yanayotumia breki kuiga kazi ya difu maalumu, kwa kubana gurudumu la ndani ili nguvu iende la nje, huendelea kufanya hivyo. Ukikaa uwanjani muda mrefu utaona pedi za nyuma zinaisha haraka na breki zinapata moto usioelewa umetoka wapi. Sababu ni hiyo.

Ukizima injini na kuwasha upya, mfumo unarudi. Sheria ya Marekani inaruhusu kitufe cha kuzima lakini inataka ESC iwe imewashwa kila gari linapowashwa upya. Watu hulalamika kwamba inawabidi wabonyeze kila mara. Mimi nashukuru. Injini ikinizimikia katikati ya mazoezi, naangalia dashibodi upya kabla sijaondoka, kwa sababu nimewahi kwenda mzunguko nusu nikidhani nimezima kumbe imerudi. Siku nyingine inaweza kuwa kinyume chake.

#9 – Mbele Kunavuta

Samahani, sisi wenye magari ya kuvuta kwa tairi za mbele tuna chetu humu? Gari langu ni dogo lakini ni kali.

#10 – Mama wa Koni

Mna chenu mwanangu. Kwenye gari lako mafuta mengi yanasukuma pua nje, hilo halitishi sana, unapunguza linarudi. Kinachoua ni kuachia mafuta au kugusa breki katikati ya kona ya mwendo. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi kama karatasi, na mkia unatoka kwa kasi ambayo wengi hawaitegemei kwenye gari la namna hiyo. Tena dawa yake inapingana na silika: unatakiwa kuongeza mafuta kidogo ili pua ivute gari linyooke. ESC kwenye gari lako inafanya kazi kubwa hasa hapo, pale unapoogopa. Ukitaka kuzima, zoezi la kwanza ni lile la kuachia mafuta kwenye duara la koni, taratibu, kwenye maji.

#11 – Gia ya Tatu

Mama wa Koni, nimesoma maelezo yako mara tatu. Na kama limeshaanza kuzunguka kabisa, nimeshindwa kulishika, nifanye nini? Hilo hakuna aliyesema.

#12 – Mama wa Koni

Swali zuri, na nilipaswa kuanza nalo. Ukijua umelipoteza, acha kupigana na usukani. Klachi chini, breki chini, vyote kwa nguvu na visiachiwe mpaka gari lisimame. Klachi ili injini isizimike au isizunguke kinyume, breki ili gari liende kwenye mstari ambao wenzako nyuma wanaweza kuukadiria. Anayeachia breki katikati gari hushika ghafla na kukimbilia asikokujua, mara nyingi kwenye ukuta wa ndani. Gari la gia otomatiki, breki tu. Ukisimama usishuke. Angalia walinzi wa bendera, washa injini kama imezimika, subiri wakuruhusu.

Fanya hilo kichwani kabla ya kuingia uwanjani, kila siku, hata kama mfumo umewashwa.

#13 – Gia ya Tatu

Narudi baada ya wiki tano kuleta mrejesho.

Nimefanya kama mlivyosema. Sikuzima. Niliweka kamera ndogo ikielekea dashibodi, na baada ya kila kipindi nikakaa nikahesabu taa imemweka mara ngapi na wapi. Siku ya kwanza, kipindi cha dakika 20, ilimweka mara 31. Nilishangaa kweli, kwa sababu nikiwa ndani ya gari nilikumbuka kama nane tu. Siku ya pili mara 17. Jumamosi iliyopita mara 6, na mwendo wangu wa mzunguko umekuwa mzuri kuliko ule niliokuwa napata mfumo ukiwa umezimwa. Hili la mwisho sikulitegemea na nimeona nilikiri hapa hapa nilipobisha.

Zile sita zote ni kona moja, ile ya mwisho kabla ya njia ndefu iliyonyooka, inayofunguka polepole kuelekea kulia. Mguu nimeupunguza mpaka naona aibu, bado inawaka. Je, kwa kuwa kwingine kote iko kimya, naweza sasa kuzima?

#14 – Mama wa Koni

Hongera sana mwanangu, kutoka 31 hadi 6 ni kazi.

Usizime bado. Rudi kwenye video yako, usiangalie taa, angalia mikono. Taa inapowaka kwenye kona hiyo, usukani umekunjwa kiasi gani? Na unapoanza kukunja, uko upande gani wa barabara?

#15 – Gia ya Tatu

Nimeangalia. Mikono bado imekunjwa karibu robo mzunguko taa inapowaka. Na naona naingia mapema, nafika ndani ya kona kabla ya katikati, halafu inanibidi niendelee kukunja hadi mwisho ili nisitoke nje.

#16 – Mama wa Koni

Basi umeipata. Jumamosi ingia kuchelewa, kama urefu wa gari moja na nusu mbele ya pale unapokunja sasa. Utaona unaanza kunyoosha mikono wakati ambao zamani ulikuwa bado unakunja. Mguu uache kama ulivyo, usiubadilishe, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Hesabu taa, uniletee namba.